UZI: Edita akigeuka dairekta, ni kipaji, ni bahati au ni kujipendekeza? Kisa cha Robert Wise

Kijana_wa_Kireka (mwenye uzi)
Salaam wakuu. Hili swali nimekaa nalo toka Jumapili, nikaona nilitupe hapa maana humu kuna wazee wa kazi.

Mimi ni edita. Kwanjula (ile sherehe ya Kiganda ya bwana kutambulishwa kwao binti), harusi, mazishi pia, na mara mojamoja video ya msanii wa mtaani ambaye hela yake inakuja vipandevipande kama sukari ya kupimiwa dukani. Sasa Jumapili umeme uliporudi nikamalizia Citizen Kane ya 1941, ile tunayoambiwa kila siku tuiangalie, nikasoma majina ya mwisho, edita Robert Wise. Nikajiuliza hili jina nimelionea wapi mimi. Kumbe ndiye dairekta wa The Sound of Music! Ile ile tuliyoonyeshwa shule hadi nyimbo tukazijua kuliko wimbo wa taifa.

Nikaanza kumfuatilia. Kazaliwa Indiana 1914, hali ya nyumbani ikawa mbaya ule wakati wa mdororo wa uchumi, akaacha chuo, kaka yake alikuwa RKO, studio ya Hollywood, akamwingiza hapo 1933, kazi yenyewe kubeba filamu kupeleka huku na kule. Mbeba mizigo kabisa. Toka hapo akaingia kuediti sauti, halafu picha, akapata Oscar ya kuediti Citizen Kane, akawa dairekta, mwisho prodyuza. Amekufa 2005 ana miaka 91.

Swali langu: kile kiti cha kuediti ndicho kilimfundisha? Ama ni bahati tu? Nauliza kwa sababu nimechoka kurekebisha makosa ya wapiga kamera, nataka nishike kamera mwenyewe.

Mwalimu_Busia
Uzi mzuri, ila hapo kwa Oscar rekebisha. Citizen Kane aliteuliwa tu, ya kuediti mwaka ule ilikwenda kwa Sergeant York. Citizen Kane nzima iliondoka na moja, ya kuandika skripti, wakagawana Orson Welles, dairekta wake, na Mankiewicz. Wise anazo nne lakini zote za baadaye: mbili za West Side Story (1961), moja kama dairekta, hiyo aligawana na Jerome Robbins, moja kama prodyuza. Na mbili za The Sound of Music (1965), hivyohivyo, dairekta na prodyuza. Ya kuediti hana hata moja.

Kijana_wa_Kireka
Asante mwalimu, nimepokea. Sasa hiyo ndiyo inanichanganya zaidi, kumbe kwa kuediti hakupewa kitu.

Edita_wa_Mbale
Kaka Kireka mimi nakujibu kwa yaliyonikuta, vitabu nawaachia walimu.

Zamani kidogo niliediti kwanjula ya Mukono, familia kubwa, hela nzuri. Sikupiga mimi, nililetewa flashi mbili. Nafungua futeji, masaa sita. Kreti za soda amezipiga kwa dakika kumi na moja, nilihesabu. Mbuzi amempiga mbele, nyuma, ubavuni. Halafu natafuta ile saa ya ssenga, shangazi wa bibi harusi, kumchagua bwana harusi na kumvalisha ua, ndiyo yenyewe hiyo, watu wamekuja kwa ajili ya hiyo, HAKUNA. Nampigia simu ananiambia kaka saa ile nilikuwa nimepewa chakula.

Nikafanyaje? Nilikuwa na kwanjula nyingine kwenye hadidiski, kuna mkono wa ssenga wa watu wengine unavalisha ua, umepigwa karibu sana, sura haionekani. Nikauchomeka. Nikaweka nyuso za watu wanapiga vigelegele kabla, nyuso baada, rangi nikazisawazisha, ikakaa kama imezaliwa pale. Nikajisifu peke yangu.

Wiki mbili baadaye naitwa. Wameangalia familia nzima sebuleni, na ssenga mwenyewe, mama wa heshima zake, amesimama akasema ule mkono si wangu. Mbona una saa, na mimi saa sivai.

Toka siku ile nikaanza kupiga mwenyewe. Na nikishika kamera najua meza itanidai nini usiku: mikono, mtu aliyekaa kimya pembeni, mtoto aliyelala, na sekunde tano za ziada kabla na baada ya kila kitu. Kwa hiyo kwa upande wangu jibu ni ndiyo, kiti kinafundisha.

Nubi_wa_Bombo
Yaani kwanjula ya Mukono imekosa mkono 😂😂😂

Mama_Taslim
Nubi umeniua 😂 Edita pole lakini wallahi hiyo saa ungeifunika hata kwa ua.

Sina_Bando
Haya tumecheka, turudi kwa mada. Mnamsifia Wise kana kwamba kapanda kwa kipaji, hamtaji 1942. Orson Welles kamaliza kupiga The Magnificent Ambersons kaenda Brazil kupiga kitu kingine, huku nyuma studio ikaionyesha muvi kwa watazamaji wa majaribio pale Pomona, wakacheka mahali pasipo pa kucheka, mabosi wakapaniki, ikakatwakatwa mpaka ikabaki dakika 88. Mwenye mkasi nani? Wise. Na vipande vipya vya kuziba mapengo, vingine alivipiga yeye Wise. Miaka miwili mbele, 1944, huyo ni dairekta RKO hapohapo. Mimi siitwi mwalimu lakini hesabu hiyo naiweza. Mtu alitii mabosi, mabosi wakamkumbuka, basi, hakuna cha kiti wala meza.

Mama_Taslim
Sina_Bando punguza moto. Mimi naediti habari za televisheni mwaka wa kumi na mbili sasa, na nakwambia edita hana pa kukataa. Bosi akisema kata, unakata, ama anakuja mwingine anakata vibaya kuliko wewe. Dairekta yuko Rio, simu yenyewe ya mwaka 1942, telegramu zinakwenda ndefu kama khanga, watu wa majaribio wameondoka ukumbini. Wewe ungefanya nini? Ungejifunga mnyororo kwenye mashine?

Sina_Bando
Ningeficha nakala.

Mama_Taslim
Hadidiski za 1942 ehh 😂

Mwalimu_Busia
Hilo la nakala ndilo linauma kuliko yote. Vile vipande vilivyokatwa studio iliviteketeza, na hadi leo watu bado wanaitafuta ile ndefu. Bernard Herrmann aliyetunga muziki alikasirika akataka jina lake litolewe, likatolewa.

Ila Sina_Bando kuna kitu umeruka. Pale RKO kulikuwa na prodyuza anaitwa Val Lewton, kazi yake muvi za kutisha za bei rahisi, bajeti finyu na siku chache. Ile muvi iliyotoka 1944 ni The Curse of the Cat People, walipokuwa wanaipiga dairekta Gunther von Fritsch akawa nyuma ya ratiba, wakamtoa, Wise aliyekuwa anaiediti akapewa aimalizie. Ndipo alipoanzia. Na angalia hii: Mark Robson, aliyekuwa msaidizi wake kwenye Citizen Kane, naye akafanywa dairekta na Lewton huyohuyo, tena mwaka mmoja kabla, 1943. Watu wawili toka chumba kimoja, mlango mmoja. Mimi naona ni suala la hela. Lewton alihitaji mtu asiyepiga kitu ambacho hakitatumika, na mtu wa namna hiyo unamtoa wapi kama si chumba cha kuediti?

Edita_wa_Mbale
Mwalimu hapo umegonga ndipo. Filamu ilikuwa inanunuliwa kwa futi. Siyo huyu wetu wa dakika kumi na moja za kreti za soda.

Sina_Bando
Sawa kwa hiyo ni bei rahisi. Siyo kipaji. Mmesema wenyewe.

Afande_Mstaafu
Vijana hamjambo. Mimi si mtu wa sinema ila hiyo Sound of Music naijua. Kambini tulionyeshwa kwa projekta, kwa ukuta wa mesi, watoto mbele kwa sakafu, sisi nyuma. Filamu ilikuwa inakatika. Ikikatika tunapiga miluzi, yule koplo wa projekta anawasha tochi anaiweka mdomoni, anakata kwa mkasi pale palipoungua, anabandika kwa gundi ya utepe, anaendelea. Kila mara ikionyeshwa inakuwa fupi kidogo. Mwisho yule baba na yule sista wanagombana, mara hapohapo wako kanisani wanaoana. Sisi tulidhani ndivyo wazungu wanavyofanya.

Kwa hiyo na yule koplo alikuwa edita.

Nubi_wa_Bombo
Afande shikamoo, hii ndiyo komenti ya mwaka. Koplo kamkatia Wise, kama Wise alivyomkatia Welles. Deni limelipwa.

Kibanda_Arua
Mambo wakubwa. Mimi nilikuwa na kibanda cha video huku Arua, benchi, tivii mbili, jenereta, na naongeza kitu kutokana na Afande. Huku kwetu muvi inaeditiwa mara tatu. Edita wa kwanza ni wa studio. Edita wa pili ni VJ, maana VJ anatafsiri na wakati huohuo anatunga, kimya cha dakika mbili yeye anakijaza na habari za mke wa jambazi na deni la duka, ukiangalia ile ya asili unaona imepwaya kabisa. Edita wa tatu ni mimi mwenye kibanda: saa mbili usiku mpira unaanza, naikata muvi ilipofika, watu wanarudi kesho. Na nilijua ni wapi pa kukatia ili warudi. Hiyo hakuna aliyenifundisha.

Huyo Wise namwelewa kwa njia hiyo. Mtu aliyekaa siku nyingi na watazamaji anajua wanapoangalia mlango.

Mama_Taslim
Edita hakai na watazamaji lakini, anakaa peke yake chumbani na feni.

Kibanda_Arua
Dada hiyo ndiyo tofauti yangu na nyie basi.

Nubi_wa_Bombo
Lakini jamani mbona tunahangaika na RKO, Wakaliga iko hapahapa Kampala? Nabwana I.G.G. anaandika, anapiga, anaediti, anadairekti, anaprodyuzi. Kompyuta kaunganisha mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa anafyatua matofali. Who Killed Captain Alex? ya 2010 imezunguka dunia nzima na VJ Emmie wake juu. Na kuhusu kuficha nakala, Sina_Bando sikiliza: ile muvi Nabwana alishaifuta toka kwa kompyuta ili apate nafasi ya muvi inayofuata. Ndiyo maana iliyopo leo ni ile yenye sauti ya VJ, ile safi haipo.

Sina_Bando
Hiyo ni tofauti. Yake mwenyewe kafuta mwenyewe.

Edita_wa_Mbale
Nani humu hajawahi kufuta kazi ya mteja ili apate nafasi ya kutoa ya mwingine? Msinyooshe mikono yote kwa pamoja.

Nubi_wa_Bombo
Tunanyoosha, ila ule wenye saa usinyooshe 😂

Kijana_wa_Kireka
Ila Nubi, Nabwana si edita aliyegeuka dairekta. Yeye kaanza vyote pamoja kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumlipa. Swali langu ni la mtu aliyekuwa anahudumia muvi za wengine halafu akaamka akasema sasa zamu yangu.

Mwalimu_Busia
Basi mfano wako ni David Lean, Mwingereza. Kaanza 1927 pale Gaumont anatengeneza chai. Akawa edita anayetafutwa kuliko wote Uingereza, miaka mingi, hadi 1942 Noël Coward alipotaka kudairekti muvi ya vita na mambo ya kamera hayajui, akamchukua Lean wakashirikiana. Mbele yake kuna The Bridge on the River Kwai (1957) na Lawrence of Arabia (1962), zote mbili zilimpa Oscar ya udairekta.

Kwenye Lawrence mnaikumbuka ile ya kiberiti? Jamaa kashika njiti inawaka, anaiangalia, anaipuliza, na pumzi ileile inapoisha tuko jangwani, upeo mwekundu, jua bado halijatoka. Hakuna kufifia, hakuna kiunganishi, kisu tu.

Mama_Taslim
Na hicho kisu alikishika mwanamke, Anne V. Coates, na Oscar ya kuediti akaipata. Mwalimu usimruke mama wa watu. Na yeye aliendelea na kuediti hadi uzeeni. Hamjiulizi kwa nini nyuzi zetu zote ni za walioondoka kwenye kiti, waliobaki hawana uzi?

Na kama mnataka edita aliyegeuka dairekta mapema kabisa, Dorothy Arzner. Mwaka 1922 aliediti muvi ya ng'ombe wa kupigana, Blood and Sand, akachanganya futeji za zamani za uwanjani na sura za mwigizaji zilizopigwa studio ili ionekane jamaa anapambana kweli. Edita_wa_Mbale soma hapo, mkono wa ssenga wa kwanza duniani. Halafu 1927 akawaambia mabosi nipeni muvi nidairekti ama nahamia studio nyingine. Wakampa. Kwa hiyo Sina_Bando, hakutii, hakujipendekeza, alitishia. Weka na hiyo kwenye hesabu yako.

Sina_Bando
Nimeweka. Mmoja katii, mmoja katishia, mmoja kapika chai. Hakuna kanuni hapo, ndicho ninachosema toka mwanzo.

Edita_wa_Mbale
Toka mwanzo ulisema ni kujipendekeza.

Sina_Bando
Nimekua.

Afande_Mstaafu
😂

Kibanda_Arua
Mimi nauliza kingine, wale walioshindwa? Maana kila fundi akiwa bosi si kwamba anaweza.

Mwalimu_Busia
Walter Murch. Kwa sauti na picha huyo ni mfalme, mwaka mmoja alibeba Oscar mbili kwa muvi moja, The English Patient, ya kuediti na ya sauti. Kadairekti muvi moja tu, Return to Oz ya 1985, haikuuza, akarudi kitini. Na Lean mwenyewe, muvi yake ya 1970 wahakiki walimrarua hadi akakaa miaka 14 bila kutoa nyingine. Aliporudi 1984 na A Passage to India, jina la edita liliandikwa David Lean. Kazunguka dunia karudi mezani.

Mama_Taslim
Hapo mimi nina maelezo yangu. Edita anazoea watu wasiojibu. Unamrudisha mtu nyuma, unamkata maneno, unamfanya acheke mahali alipokuwa analia, na hasemi kitu. Sasa ukitoka nje unakutana na mwigizaji mzima ana njaa, ana gomvi na mumewe, anakuuliza nisimame wapi na kwa nini. Mimi nilipewa nafasi ya kudairekti tangazo dogo la sabuni, nikajikuta nasema "rudi nyuma kidogo" na akarudi nyuma kwa miguu. Nilimaanisha arudie sentensi.

Nubi_wa_Bombo
😂😂😂 Alirudi fulemu ngapi?

Edita_wa_Mbale
Dada hiyo kweli tupu. Ila Wise nadhani hiyo aliivuka. Susan Hayward alichukua Oscar kwa I Want to Live! ya 1958 chini ya Wise, na Sound of Music ina watoto saba, watoto!, mtu asiyejua kuongea na watu hapo hatoki. Mimi nawashindwa wanangu watatu kwa picha moja ya Idi.

Kijana_wa_Kireka
Na uprodyuza je? Hapo hamjanijibu. Kwa nini hakutosheka na udairekta?

Edita_wa_Mbale
Kwa sababu aliona Ambersons kwa macho yake. Mwenye muvi akiwa mbali, muvi inakatwa. Yeye ndiye aliyeikata! Nani anajua zaidi yake? Mtu wa namna hiyo akipata nguvu jambo la kwanza anahakikisha funguo ya chumba iko mfukoni mwake.

Mwalimu_Busia
Inaelekea, lakini tusimwekee maneno. Sound of Music hakuianzisha yeye, ilikuwa ya William Wyler akaondoka, ndipo Wise akaingia kama dairekta na prodyuza. Na The Sand Pebbles ya 1966 hivyohivyo, kofia mbili. Na jina lake halikumkinga kila mara, Star! ya 1968 ilianguka kwa kishindo pamoja na Julie Andrews wake yuleyule.

Sina_Bando
Mimi nasema ni hela. Prodyuza ndiye analipwa wa kwanza.

Mama_Taslim
Kwa Uganda prodyuza ndiye anayedaiwa wa kwanza.

Edita_wa_Mbale
Na edita ndiye anayelipwa wa mwisho. Kuna mtu ana dokumentari yangu ya imbalu, tohara ya Wamasaba, toka mwaka juzi, wiki nzima nimekimbia nyuma ya vijana na vumbi na ngoma, kila nikipiga ananiambia hela iko njiani. Hiyo njia ni ndefu kuliko ya Karamoja.

Kibanda_Arua
Mshikie hadidiski.

Edita_wa_Mbale
Anayo.

Kibanda_Arua
Aaah kaka.

Kijana_wa_Kireka
Wakuu nimewasoma wote na sijapata jibu moja ila nimefurahi. Kitu kimoja sikuwaambia. Jumamosi napiga muvi yangu fupi ya kwanza, dakika kumi na mbili, hapa Kireka na kidogo stendi ya Namboole. Kamera ya kuazima, waigizaji wanne, hela ya chakula ninayo, ya boda ninayo nusu. Nipeni moja moja, haraka.

Mwalimu_Busia
Chora kila shoti kwenye karatasi. Usichokichora usikipige.

Edita_wa_Mbale
Usimsikilize mwalimu, piga na usichokichora. Mikono, viatu, sufuria, kimya cha chumba sekunde thelathini bila mtu kuongea. Kane wenyewe, ile sehemu ya habari za sinema mwanzoni, walichukua filamu safi wakaisugua mchanga ili ionekane kuukuu, hilo nani alilichora? Na mpiga kamera asile kabla yako.

Mama_Taslim
Waulize waigizaji majina yao ya kweli na uyatumie. Na usiediti wiki ileile, utajihurumia.

Sina_Bando
Ficha nakala.

Afande_Mstaafu
Amka mapema.

Nubi_wa_Bombo
Kuna sehemu ya harusi humo ndani?

Kijana_wa_Kireka
Ipo ya kwanjula, fupi. Ssenga anamvalisha jamaa ua. Tatizo yule mama aliyekubali kuigiza amepata msiba, kaniambia leo asubuhi.

Edita_wa_Mbale
Nitumie namba inboksi. Ninao.

Kijana_wa_Kireka
Wenye saa?

Edita_wa_Mbale
Wenye saa. Gomesi (lile gauni la akina mama) ya kijani, mwambie wa kwako wa kuziba avae kijani, na muvi yako iwe ya mtu anayevaa saa.